Mto Ruvuma na Hesabu ya Maji Yafikayo Baharini

Katika mji wa Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, kuna mahali paitwapo Shimo la Mungu. Ardhi hukatika ghafla, na mtu asimamaye pale huliona bonde la Mto Ruvuma chini yake, na ng'ambo ya bonde nchi ya Msumbiji. Kwa vizazi vingi wakazi wa uwanda huo wamekaa juu, ambako ardhi yafaa kwa muhogo na korosho. Lakini mchanga wake huinywa mvua yote, na maji hutokeza chini mabondeni. Akina mama walikuwa wakishuka mteremko kwenda kuteka, kisha wakapanda tena na mtungi kichwani. Mitambo ya kuyasukuma maji ya bondeni kuyapandisha juu ilianza kazi katika miaka ya 1950, na tangu hapo gharama ya kuyapandisha imekuwa ndiyo bei ya kweli ya maji ya Makonde.

Hapo ndipo somo la uchumi wa maji lianziapo. Meta moja ya ujazo iliyoko mtoni, ile iliyoko bombani Newala, na ile iliyosimama katika jaruba la mpunga kule Kitaya ni maji yale yale, ila thamani zake ni mbalimbali. Kwa hiyo azungumzaye juu ya kugawana maji ya mto kana kwamba ni mahindi ya ghalani yapimwayo kwa pishi amekwisha kosea kabla hajaanza. Kosa hilo limefanywa na mataifa makubwa, na Tanzania na Msumbiji zaweza kulifanya pia katika Mto Ruvuma, endapo hesabu zake zitaachiwa watu wachache wasiojua kinachotendeka kwenye mlango wa mto.

Mto wenyewe huanzia katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, ukaenda kama kilometa 800 hadi Bahari ya Hindi. Kwa zaidi ya kilometa 600 za safari hiyo ndio mpaka wa nchi hizi mbili. Eneo linalomwaga maji yake humo ni kama kilometa za mraba 155,000. Karibu theluthi mbili za eneo hilo ziko Msumbiji, theluthi moja iko Tanzania, na kipande kisichofika asilimia moja kiko Malawi. Tawimto lililo kubwa kuliko yote, Lugenda, hutoka Msumbiji na kuungana na Ruvuma karibu na Negomano, upande ule ule ambako Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010. Mwalimu wa jiografia na awape wanafunzi wake ramani waitazame vizuri. Wataona kwamba mkulima wa Kitaya, katika Mkoa wa Mtwara, hulimia kwa sehemu kubwa mvua iliyonyesha Niassa.

Mpaka huo haukuwekwa na watu wa bondeni. Wareno na Wajerumani waliufanya mto kuwa mpaka wao mwaka 1886, kisha wakagombania pembe ya nchi iitwayo Kionga, kusini ya mlango wa mto. Wajerumani waliitwaa mwaka 1894, Wareno wakaitwaa tena vitani mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Wakubwa wale waligombania ardhi. Maji yaliendelea kupita. Wamakonde, Wayao na Wamakua walibaki kila upande, wakivuka kwa mitumbwi kwenda arusini na msibani.

Sasa, mto wa namna hii hugawanywaje? Njia ya zamani ni kuhesabu meta za ujazo na kumpa kila mtu fungu lake. Mfano ujulikanao sana ni mapatano ya mwaka 1959 baina ya Misri na Sudan. Maji ya Nile yalikadiriwa kuwa meta za ujazo bilioni 84 kwa mwaka. Misri ikachukua bilioni 55.5, Sudan ikachukua bilioni 18.5, na bilioni 10 zikahesabiwa kuwa ni za kupaa kwa mvuke. Nchi za juu hazikupewa fungu lolote. Tanganyika, mara baada ya Uhuru, ilikwisha kuliona jambo hilo: katika barua yake ya Julai 1962 ilieleza kwamba haifungwi na mapatano ya mwaka 1929 ambayo Uingereza iliyafanya kwa niaba ya makoloni yake. Mwaka 2004 Tanzania ikaanza kazi ya bomba la kupeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga.

Msimamo huo ulikuwa wa haki, wala hapana sababu ya kuuonea haya. Lakini haki ina tabia ya kumgeukia mwenye kuidai. Katika Nile Tanzania iko juu; huku kusini, kwa mintarafu ya maji ya Lugenda, iko chini. Hoja waliyopewa Wamisri, kwamba aliye juu naye ana haki ya kutumia maji yatokayo kwake, Msumbiji yaweza kuitoa kesho neno kwa neno. Mtwara itajibu nini? Haiwezi kusema kuwa kanuni ni moja Mwanza na nyingine Mtwara.

Kugawa kwa ujazo kuna kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi kwa mchumi. Kila tone apewalo mmoja huonekana limetolewa kinywani mwa mwenzake, na mazungumzo yote huwa ya kuvutana. Njia iliyo bora ni kuanza kwa kuuliza kila matumizi ya maji yataleta faida gani, mahali gani, na kwa gharama gani, ndipo zigawanywe faida. Lesotho na Afrika Kusini, ambazo siasa zake wakati ule hazikupatana kabisa, ziliifuata njia hiyo katika mkataba wa mwaka 1986. Bei ya maji ya milima ya Lesotho haikutafutwa sokoni, maana mto hauna soko. Wataalamu walilinganisha gharama ya kuyaleta maji hayo na gharama ya mpango mwingine ambao Afrika Kusini ingelazimika kuujenga yenyewe. Tofauti ya gharama hizo ilihesabiwa kuwa ni akiba, na akiba ikagawanywa: asilimia 56 kwa Lesotho, 44 kwa Afrika Kusini. Hapa karibu kuna mfano wa Rusumo katika Mto Kagera. Shirika la bonde hilo liliundwa mwaka 1977, likavunjwa mwaka 2004 kabla halijajenga kituo chochote cha umeme pale. Ila wazo lake halikufa, na leo Rusumo pana kituo cha megawati 80 ambazo Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana sawasawa. Ilichukua zaidi ya miaka 40. Mwenye haraka na asiende kufanya kazi ya mito ya mataifa.

Ili jambo hili lieleweke, mwanafunzi na achukue kalamu na mfano wa kubuni. Bwawa moja katika mto wa mpakani litagharimu vipimo 60. Litaipa nchi ya kaskazini faida ya vipimo 45 vya umeme na kilimo, na nchi ya kusini 45 vilevile. Nchi moja ikilijenga peke yake itapata hasara ya 15. Hivyo bwawa halijengwi, na mto unaendelea kupita na umaskini unabaki palepale. Zikijenga pamoja, faida ni 90, gharama ni 60, na ziada ni 30, kila moja ikipata 15. Huu ndio uzuri wa ushirikiano, nao si wa hotuba za majukwaani tu, bali ni wa hesabu.

Ushirikiano hufungua hata uchaguzi wa mahali. Ziwa la bwawa lenye eneo la kilometa za mraba 100, likipoteza kimo cha meta moja na nusu kwa mwaka kwa kupaa kwa mvuke, hupoteza meta za ujazo milioni 150. Nchi iliyo peke yake hujenga bwawa pale ilipo na ardhi yake, hata kama ni bonde pana la joto ambalo ziwa lake litatandaa na kukauka juani. Nchi mbili zenye mkataba zaweza kutafuta korongo lililo refu na jembamba, liwe kwa nani, zikagawana mazao yake.

Mpaka hapa wataalamu wengi hukubaliana. Tatizo liko katika hesabu ile ya ziada ya 30, kwa kuwa hapo mto umehesabiwa kana kwamba unaishia bwawani.

Ruvuma hauishii bwawani. Unaishia kusini ya Msimbati, katika mlango mpana wa mchanga, visiwa na mikoko, ambao tangu mwaka 2000 umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Mto Ruvuma. Mto hufurika baina ya Januari na Aprili, ukashuka chini kabisa mwezi wa Oktoba na Novemba. Mafuriko huleta tope lenye rutuba juu ya mashamba ya mpunga, na huleta mchanga ambao mawimbi huutandaza pwani. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka: mto hupungua nguvu, na maji ya bahari hupanda nao kwa bamvua yakiingia ndani. Mahali ambapo chumvi hukoma hupangwa na kiasi cha maji baridi yatokayo juu. Mtu ahitajiye ushahidi wa hilo na aitazame mikoko. Mchu huvumilia chumvi nyingi. Msikundazi hupenda pale ambapo maji baridi yanafika. Miti hiyo imeandika kumbukumbu za mto kwa mamia ya miaka bila kulipwa mshahara.

Kamba nao wana habari yao. Kamba wakubwa hutaga mayai baharini. Wachanga huingia katika vijito vya mikoko ambako chakula ni kingi na samaki wakubwa ni wachache. Wakishakua hurudi baharini, na mara nyingi ni maji ya mafuriko yanayowatoa. Mvuvi atandazaye wavu wake nje ya mlango wa mto anavuna kitu kilicholishwa na mvua ya Songea na ya Niassa. Lakini katika vitabu vingi vya mipango maji yapitayo hapo huandikwa kuwa yanapotea baharini. Neno hilo ni baya kuliko kosa la hesabu, kwa sababu kosa la hesabu laweza kuonekana na kusahihishwa, ilhali neno hilo huifuta safu nzima ya daftari kabla kalamu haijashikwa.

Msumbiji wenyewe wana funzo hilo nyumbani. Bwawa la Cahora Bassa katika Mto Zambezi lilianza kujazwa Desemba 1974, wakati ukoloni ulipokuwa ukikata roho. Lilijengwa hasa kwa ajili ya umeme wa kuuzwa Afrika Kusini, na mafuriko ya kila mwaka yakazuiwa ili mitambo ipate maji sawasawa mwaka mzima. Watafiti wa uvuvi baadaye walionyesha kwamba mavuno ya kamba katika Benki ya Sofala, ambao ni moja ya mazao ambayo Msumbiji imeyauza sana nje, hupanda na kushuka pamoja na mafuriko ya Zambezi. Misri nayo iliona uvuvi wake wa dagaa wa Mediterania ukianguka baada ya Nile kufungwa Aswan. Katika miradi yote miwili hasara hiyo haikuandikwa ndani ya gharama za bwawa. Aliyeilipa ni mvuvi, bila kupelekewa hati ya madai.

Mwanafunzi na airudie basi hesabu yake. Bwawa likiyashika mafuriko yote, hasara ya mlango wa mto, yaani mpunga, kamba, mikoko na visima vilivyoingiwa na chumvi, na iwe vipimo 20. Ziada ya 30 sasa ni 10. Kisha na afikirie njia ya pili, ambayo ni bwawa lile lile kufunguliwa kila mwaka kwa majuma machache ili kuuachia mto furiko la kiasi. Umeme utapungua, na faida ya nchi zote mbili itashuka kutoka 90 hadi 82. Lakini hasara ya mlango wa mto itashuka kutoka 20 hadi 4. Ziada ya kweli ni 82 kutoa 60 kutoa 4, yaani 18. Asiyeuhesabu mlango wa mto ataona 30 dhidi ya 22, na atalifunga bwawa. Auhesabuye ataona 10 dhidi ya 18, na atalifungua. Tarakimu hizi ni za darasani tu. Zile za Ruvuma zitakuwa nyingine. Lakini zinaonyesha kwamba nchi mbili zaweza kukaa meza moja, zikagawana kwa uaminifu kamili, na zote mbili zikachagua jambo baya, kwa sababu tu mtu wa tatu hakukaribishwa.

Kuna wasemao kwamba nchi maskini haina nafasi ya kuwalisha kamba wakati watoto wasomea taa za mafuta. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Umeme ni elimu na hospitali, na mtu anayekaa mjini hana haki ya kumfundisha mwanakijiji kuridhika na giza. Ila hoja hiyo huchanganya mambo mawili. Mlo wa kijiji cha Msimbati ni uchumi wa taifa sawa na umeme wa kiwanda, hata kama haupiti benki. Na pili, furiko la majuma machache halizimi taa; linapunguza sehemu ya umeme, na sehemu hiyo yaweza kupimwa. Wako pia, upande wa pili, wasemao kwamba thamani ya mikoko haiwezi kupimwa kwa shilingi. Wanaweza kuwa na haki katika falsafa. Mezani pa mazungumzo, kisichoandikwa tarakimu huandikwa sifuri.

Mtwara yenyewe inapaswa kujifunza kutofautisha haja na haja. Mpango wa kuyavuta maji ya Ruvuma hadi mjini umezungumzwa kwa miaka mingi, na husikika watu wakihofia kuwa utaukausha mto. Hesabu yake ni nyepesi. Mji wa watu 150,000, kila mtu akipewa lita 100 kwa siku, unahitaji meta za ujazo 15,000 kwa siku, ambazo ni kama 0.17 kwa sekunde. Hicho ni kijito. Lakini hekta moja ya mpunga wa kumwagilia kiangazi huhitaji kama lita moja kwa sekunde, na pengine zaidi. Hekta 5,000 zitahitaji meta za ujazo 5 kwa sekunde, sawa na miji 29 ya namna ile, na zitazihitaji katika miezi ile ile ambayo mto uko chini na chumvi inapanda. Na lile ziwa la kilometa za mraba 100 lililotajwa juu hupoteza hewani, kwa mwaka mmoja, maji ambayo yangeutosha mji huo kwa miaka 27. Basi maji ya kunywa ya mwananchi yasifanywe kisingizio, wala yasifanywe adui. Yatolewe kwanza, pande zote mbili za mto, na mabishano yaelekezwe panapostahili: mabwawa makubwa na mashamba makubwa ya kiangazi.

Vyombo vya kuyazungumzia hayo vipo. Itifaki ya nchi za kusini mwa Afrika juu ya mito ya pamoja ilirekebishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika mwaka 2003. Mkataba wa mwaka 2006 kati ya Tanzania na Msumbiji ulianzisha tume ya pamoja ya maji ya Ruvuma. Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ina ofisi yake Mtwara. Itifaki hizo husema juu ya matumizi ya haki na ya busara, na huagiza kila nchi impashe mwenzake habari kabla ya kujenga. Upungufu uko katika habari zenyewe. Vituo vya kupimia maji katika bonde hili ni vichache, na mto wa mchanga unaohamahama mkondo ni mgumu kupimwa. Tangu Oktoba 2017 vita vya Cabo Delgado vimeongeza ugumu huo. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaingia Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Mtaalamu haendi kusoma kipimo cha maji mahali ambapo wenyeji wamekimbia. Hata hivyo si busara kungoja amani kamili ndipo tarakimu zianze kukusanywa, maana wakati wa ujenzi ukifika makampuni yatakuja na tarakimu zao.

Kwa hiyo liko jambo moja ambalo tume hiyo ingeweza kulifanya bila kungoja mkopo: kuuweka mlango wa mto katika daftari lake kama mtumiaji wa maji mwenye jina, akiwa na safu yake pamoja na Songea, Tunduru, Niassa na Cabo Delgado, na kuwaweka wakulima wa mpunga na wavuvi wa kingo zote mbili miongoni mwa wanaoitwa kutoa maoni. Na kuna kazi ambayo shule za sekondari za Mtwara vijijini zaweza kuisaidia. Ubao wa kupimia kina uliosimikwa vizuri, chupa za sampuli, kipimo cha chumvi na daftari vyatosha kuonyesha, mwaka hadi mwaka, maji ya chumvi yamepanda hadi wapi na mto ulikuwa na kina gani siku hiyo. Walimu wa fizikia na kemia wanayo maarifa yote yatakiwayo. Mahali pa usalama pachaguliwe na wakuu wa wilaya. Shule za ng'ambo, kwa Kireno chao, zaweza kupima kwa kipimo kile kile, siku ile ile na saa ile ile ya bamvua, kuanzia Oktoba, mto ukiwa chini kabisa.